Jenereta Yangu kwenye Harusi ya Adui Yangu

Mtu aliyenifanya nifukuzwe kazi alifanya harusi yake karibu na Nyamache, na jenereta iliyoendesha vipaza sauti siku hiyo ilikuwa yangu. Wapo waliosema baadaye kwamba niliizima kwa makusudi. Sikuizima. Nilikuwa nimepanga kuizima, hilo sikatai, lakini ilinitangulia. Nitaeleza mambo yalivyokuwa, maana wengi wanaosimulia habari hii walikuwa mbali na injini, na yule aliyekuwa karibu nami zaidi ana sababu zake za kunyamaza.

Chanzo kilikuwa hospitalini. Ilikuwa hospitali ndogo ya misheni, kwenye vilima vya upande wa Nyamira, na miaka yenyewe ni ile ya mwanzo baada ya Uhuru. Stima haikuwa imefika. Nyuma ya wodi ya akina mama palikuwa na kibanda cha mabati, na ndani yake injini ya dizeli ya silinda moja iliyozungusha dinamo. Hiyo ndiyo iliyotoa mwanga wa chumba cha upasuaji na kuvuta maji kutoka mtoni, na mtunzaji wake nilikuwa mimi.

Nilifundishwa na fundi wa Kihindi aliyekuja kuifunga. Kiswahili chake kilikuwa kibovu na changu kilikuwa cha darasani, kwa hiyo tulielewana kwa mikono. Alinifundisha kuisikiliza. Ukizungusha hendeli polepole, nozeli, ile ncha inayorushia dizeli ndani ya silinda, hulia kri, kri, kama bawaba ya mlango usiotiwa mafuta. Ikilia, dizeli imefika. Isipolia, usijichoshe, tafuta kwanza ilikokwama. Alinifundisha pia kutazama moshi. Ukizungusha na bomba lisitoe moshi wowote, injini ina njaa. Ukitoka moshi mweupe, inakula lakini chakula hakiwaki. Na alinionya juu ya maji. Alichukua glasi, akatia dizeli, akadondosha maji kidogo, akaniinulia glasi kwenye mwanga ili nione yale maji yalivyokaa chini peke yake, mang'avu kama jicho la samaki. Akasema, "Hii kuua pampu." Sikuyasahau maneno hayo.

Dizeli ilikaa stoo, kwenye mapipa, na ufunguo wa stoo alikuwa nao kijana mmoja wa rika langu. Alikuwa mwepesi wa kucheka, mwenye nguo safi, na aliniita momura ominto, yaani ndugu yangu wa mji mmoja, ingawa ukoo wetu haukuwa mmoja. Tulikula chungu kimoja. Yeye alikuwa Mkatoliki kama hospitali yenyewe. Mimi nililelewa Msabato. Jumamosi sikugusa injini. Tukakubaliana, na Sista mkuu akaridhia, kwamba Jumamosi yeye aiwashe, na Jumapili niiwashe mimi wakati wenzangu wote wako kanisani. Mpango huo ulinifurahisha sana. Nilidhani nimepata rafiki anayeheshimu Sabato yangu.

Sista mkuu alikuwa Mzungu mrefu, mkavu, asiyepaza sauti. Alijua kila chombo cha hospitali kilipo na alipita kibandani mara kwa mara kuangalia kama nimefuta mafuta sakafuni. Aliniheshimu kwa sababu injini yangu iliwaka. Nadhani hakuwa na sababu nyingine.

Ikaja Jumapili moja ya mvua kubwa. Mawingu yalishuka mpaka kwenye paa, mchana ukawa kama magharibi. Mama mmoja aliletwa amebebwa kwenye machela kutoka bonde la pili, mtoto amekataa kutoka. Daktari akaamua kumpasua. Nikaambiwa niwashe. Nikajaza tangi kutoka pipa lililokuwa limetolewa stoo na kuwekwa kando ya kibanda, nalo lilikuwa limekwisha kufunguliwa, nikawasha, injini ikashika vizuri, taa zikawaka. Nilikaa pale pale kwenye kigoda changu. Baada ya muda ikaanza kukohoa. Moshi mweupe ukatoka, injini ikapanda na kushuka, kisha ikasimama.

Nilifungua skurubu ya kutolea hewa kwenye pampu. Kilichotoka hakikuwa dizeli. Yalikuwa maji, maji matupu, yenye rangi ya kutu kidogo kama ya tangi la mvua. Nikamwaga tangi lote, nikakimbilia stoo, mwenye ufunguo akaitwa kutoka kanisani, nikapata pipa jingine, nikaosha filta, nikatoa hewa, nikazungusha. Nozeli haikulia. Pampu ilikuwa imekwisha kuganda. Nilizungusha hendeli mpaka viganja vikachubuka, huku nikijua kabisa ni kazi bure, kwa sababu sikuweza kusimama tu huku mtu amelazwa ndani tumbo wazi.

Mama yule alipona, na mtoto akapona. Daktari alimaliza kwa mwanga wa tochi tatu zilizoshikwa na wauguzi. Lakini Sista aliniita ofisini siku iliyofuata. Mtunza stoo alikuwa amesimama kando ya meza, mikono nyuma.

"Maji yameingiaje kwenye dizeli?" Sista akauliza.

"Sijui, Sista. Pipa lilikuwa na maji."

Akamgeukia mwenzangu. Yeye akainamisha kichwa kama mtu anayesikitika kumsema rafiki. "Sista, mimi hutoa mapipa yamefungwa. Pengine aliacha kifuniko wazi kwenye mvua. Ni msahaulifu kidogo. Hata Jumamosi huwa hayupo."

Hayo ya Jumamosi ndiyo yaliyonimaliza. Aliyatamka kana kwamba Sabato yangu ilikuwa utoro. Sista alinitazama kidogo, akasema, "Ungeweza kuua watu wawili." Nikaondoka kabla ya saa ya chakula na sanduku langu kichwani.

Nilirudi kwetu, karibu na Kebirigo, nikachuma majani chai ya baba yangu. Watu wa kwetu walikuwa wamekwisha kusikia. Katika habari iliyowafikia, nilikuwa mlevi niliyelala kibandani mgonjwa akipasuliwa, na mimi pombe sijawahi kuionja. Wazee wa kanisa waliniita na kuniuliza polepole, kwa upole wa kuudhi, kama nina jambo la kutubu. Na yule mama aliyepasuliwa, ambaye mji wao haukuwa mbali na soko, kila tulipokutana njiani alivuka upande wa pili na kumfunika mtoto wake uso kwa leso, kama vile jicho langu lingemdhuru. Wengine wote niliwazoea, lakini yule mama na leso yake sikumzoea kamwe.

Nilipochoka na chai nikaenda mjini Kisii, nikaandikwa na mfanyabiashara aliyekuwa akitengeneza injini za mashine za kusaga. Huko ndiko nilikokuwa fundi hasa. Nilizunguka Gusii nzima na mfuko wa spana, na ninaweza kusema bila kujisifu kwamba palikuwa na siku ambazo unga wa soko zima ulinisubiri mimi.

Siku moja nikatumwa Keumbu. Mashine ya kusaga ya mzee mmoja ilikuwa haiwaki. Tatizo lilikuwa dogo, nati ya paipu ya dizeli ilikuwa imelegea na injini ilikuwa ikivuta hewa. Nilipokuwa naikaza, mzee akawa analalamika juu ya dizeli ya siku hizi, kwamba ni chafu.

"Zamani tulipata dizeli safi," akasema. "Ya wazungu. Kijana wa stoo ya ile hospitali ya kule juu alikuwa akiniletea kwa madebe. Kila Jumamosi. Kijana mcheshi sana."

Nilimuuliza, bila kuinua kichwa, "Alikuwa na ruhusa?"

Mzee akacheka. "Ruhusa ya nani? Alisema pipa ukilipunguza unaliongeza kitu kingine, nani atajua?"

Nilikuwa bado nakaza ile nati. Nilikaza mpaka nyuzi zikaharibika, ikabidi nimpe mzee nati nyingine kutoka mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeshuku siku zote. Lakini kushuku kuna mlango wa kutokea. Unaweza kujiambia labda ni mvua, labda ni mimi. Sasa mlango ulifungwa. Alikuwa ameuza dizeli siku aliyojifanya kuniheshimia Mungu wangu, akajaza maji ya tangi la paa, na nilipoanguka akanisukuma kwa mguu. Kuanzia hapo sikuishi siku moja bila kumfikiria. Nilioa, nikapata watoto, nikajenga, na katika yote hayo alikuwamo, kama mtu aliyekaa kimya pembeni mwa chumba.

Miaka ya sabini ilipofika katikati nilikuwa nimeacha kuandikwa na mtu. Nilikuwa na jenereta yangu mwenyewe, kuukuu, juu ya mkokoteni wa magurudumu mawili, pamoja na kinanda cha santuri na vipaza sauti. Niliikodisha kwa harusi, kwa matanga, na kwa mikutano ya makambi ya kanisa. Ndipo mzee mmoja wa Nyamache akanijia sokoni. Mtoto wa kaka yake alikuwa anaoa, ni mtu mkubwa kidogo, ni mkuu wa stoo katika hospitali fulani. Akataja hospitali. Nikamwambia nitakuja.

Jioni mke wangu aliponiona nasafisha filta huku napiga mluzi, akaacha kuchambua mboga za chinsaga akanitazama.

"Ni harusi ya nani?"

Nikamwambia.

"Usiende," akasema.

"Nimekubali."

"Basi nenda ufanye kazi urudi."

Nilikuwa nimekwisha kuamua. Injini ya dizeli unaweza kuizima kwa njia ambayo hakuna anayeiona. Unaweza kurudisha bilula nyuma kidogo, ikafa polepole kwa njaa. Unaweza kulegeza skurubu ya hewa nusu mzunguko tu. Itavuta hewa, itakohoa, itasimama, na hata fundi mwingine atahangaika kabla hajaijua. Nilichagua ya skurubu. Ningemsubiri asimame kutoa shukrani zake kwa wageni, afungue kinywa, kisha nimnyamazishe. Lilikuwa jambo dogo, la kitoto, na nililifikiria kwa raha kubwa njia nzima kutoka Kisii.

Nilifika Jumapili asubuhi, mkokoteni umekokotwa na gari la kukodi. Nikaiweka jenereta kando ya migomba, mahali palipoonekana na wageni wote, nikavuta waya mpaka uwanjani. Bwana harusi akaja kukagua, amevaa suti ya rangi ya maziwa, suruali pana chini, kiatu kimeinuka kisigino. Aliponiona alisimama. Uso wake ukafanya hesabu, kisha ukajaa kicheko kile kile.

"Momura ominto! Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi."

"Miaka mingi. Naona umeendelea."

"Nimeendelea."

Akaitazama jenereta, ilivyochakaa na kuchirizika mafuta. "Usiiache uchi hivi, wageni wanapita. Na Sista mkuu anakuja, yule yule. Nitawatuma wasichana waipambe." Akanipiga bega, akaenda zake. Sikujua kwamba Sista angekuja.

Nilikwenda kufunga vipaza sauti, na niliporudi wasichana walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao. Tangi lote lilikuwa limebandikwa maua ya karatasi, ya waridi na ya manjano, kwa uji mzito wa unga wa ngano. Ilipendeza kama keki. Kwa siku ya kawaida ningekagua. Siku hiyo akili yangu ilikuwa kwenye ile skurubu. Nikawasha, ikaitikia kwa mzunguko wa kwanza, muziki ukapanda vilima vyote vya Nyamache.

Maharusi walirudi kutoka kanisani. Watu walikula. Sista mkuu alikaa kwenye kiti chenye mto mbele, amezeeka, lakini mgongo bado umenyooka. Hakunitambua, au hakutazama. Hotuba zikaanza, na mimi nikasogea karibu na pampu, spana ndogo mkononi, kama mwindaji. Kwanza akaitwa Sista amsifu mfanyakazi wake. Akashika kipaza sauti, akasema kwa Kiswahili chake cha vitabu, "Huyu ni kijana mwaminifu," na injini ikaanza kufifia.

Mimi sikuwa nimegusa kitu. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena kwa shida kama mtu anayetafuta pumzi, kisha ikasimama. Uwanja wote ukageuka kunitazama, na mimi nilikuwa na spana mkononi.

Nilikasirika. Nilikuwa nimenyang'anywa kisasi changu na bado nitalaumiwa nacho. Nikaweka mkono juu ya tangi, na hapo vidole vyangu vikagusa uji uliokauka juu ya kifuniko. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo kama la sindano. Dizeli ikishuka, hewa huingia kwa tundu hilo kuchukua nafasi yake. Ukiliziba, dizeli inashindwa kushuka, na injini inakufa kwa njaa huku tangi limejaa. Wasichana walikuwa wamebandika ua kubwa kuliko yote juu ya tundu. Bwana harusi mwenyewe ndiye aliyekuwa ameagiza.

Kukigeuza kifuniko kungechukua muda wa kupiga chafya. Nikauondoa mkono wangu, nikakiacha kama kilivyo.

Bwana harusi akaja mbio, vijana wawili nyuma yake. "Kuna nini?"

"Imekataa," nikasema. "Na bega langu linauma, nilivuta mkokoteni. Inataka mtu mwenye nguvu."

Wale vijana wakajaribu mmoja baada ya mwingine. Hendeli ikawazungusha wao. Bibi harusi alikuwa akitazama kutoka kwenye kiti chake, na Sista alikuwa akitazama, na bwana harusi akafanya kile nilichojua atafanya. Akavua koti.

"Mimi niliwasha kubwa kuliko hii," akawaambia watu. "Kila Jumamosi."

"Najua," nikasema. Nikampa hendeli.

Alizungusha. Tundu la moshi halikutoa hata uzi. Nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa, nimeshika kichuma cha valvu kinachopunguza uzito wa hendeli, kama msaidizi mwema. "Zungusha tena. Karibu itashika." Akazungusha. Jasho likamtoka kifuani, shati jeupe likaanza kugandamana na mgongo. Mafuta yalikuwa kwenye hendeli, yakapanda mpaka kwenye mikono ya shati. Watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti kila alipozungusha.

"Unamkumbuka mzee wa Keumbu mwenye mashine ya kusaga?" nikamwuliza chini chini.

Mkono wake ukateleza. Hendeli ikarudi nyuma kidogo, ikampiga kwenye kiwiko. Hakulia. Alinitazama, na nikaona amenielewa.

"Si leo," akasema. "Tafadhali, momura ominto. Si leo."

"Zungusha," nikasema.

Akazungusha. Sijui kwa nini hakuacha. Nadhani aliogopa kwamba akiacha nitapaza sauti. Suruali yake ya rangi ya maziwa ilipasuka mshono wa nyuma, watu wakasikia, na kicheko kikaenda uwanja mzima. Sitadanganya: nilisikia tamu mpaka mdomoni.

Hapo ndipo Sista mkuu aliinuka akaja. Alitembea polepole, fimbo ikizama kwenye matope. Akasimama, akanitazama vizuri, na sasa akanitambua. Maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miaka yote ile yalikuwa, "Ni maji tena?"

Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mtu mmoja. Sasa walikuwa wawili. Nikaomba glasi. Bibi harusi ndiye aliyeileta, alikuwa amekwisha kushuka kutoka jukwaani. Nikapiga magoti, nikafungua skurubu ya chini ya filta, nikakinga dizeli kidogo, nikamwinulia Sista glasi kwenye jua.

"Tazama, Sista. Maji hukaa chini. Unaona maji?"

Aliinama akatazama kwa muda. Alikuwa mtu wa haki kwa vile vyombo alivyoweza kuvishika kwa mkono. "Sioni."

"Dizeli hii ufunguo wake ninao mimi. Ile ya hospitali, ufunguo alikuwa nao nani?"

Akageuka kwa bwana harusi, aliyekuwa ameshika hendeli kwa mikono miwili, anahema, masizi usoni.

"Na Jumamosi aliyekuwa stoo ni nani?" nikaendelea. "Mimi nilikuwa kanisani kwetu. Wewe mwenyewe ulikubali. Nenda Keumbu ukaulize kwenye mashine ya kusaga ni nani aliyekuwa akipeleka madebe."

"Sista," yule akasema, "hayo ni mambo ya zamani."

Angeweza kusema ni uongo. Kama angesema ni uongo, wageni wote wangemwamini yeye. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka husema lililo karibu. Sista alisimama akilitafakari jibu lile. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akachukua mkoba wake, akamwita dereva. Hakusubiri zawadi.

Gari lilipoondoka, tulibaki kando ya injini mimi, bwana harusi na bibi harusi. Alikuwa mwalimu, msichana mwenye sura ya utulivu, na sikuwa nimemfikiria hata mara moja katika mipango yangu yote. Sasa ile glasi alikuwa ameishika yeye.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi washa."

Nikang'oa ua la karatasi, nikafungua kifuniko, tangi likavuta hewa kwa sauti ndefu. Nikalifuta tundu kwa kijiti. Nikatoa hewa kwenye pampu mpaka dizeli ikaja bila mapovu, nikashusha valvu, nikazungusha. Ikashika mara moja. Bwana harusi alitazama kifuniko, akatazama mikono yake, akaelewa kwamba nilijua tangu mwanzo. Sijawahi kuona mtu akichukia kimya kimya namna ile, na hata hilo lilinifurahisha.

Muziki uliendelea mpaka magharibi. Mama mzazi wa bwana harusi, ambaye hakuwa na habari yoyote, aliniletea nyama na obokima, ugali wa kwetu, kwenye sinia peke yangu, akinishukuru kwa kuokoa siku. "Kula, mwanangu," akasema. Nilikula yote. Nilipomaliza nikaomba tena.

Habari zilikuja kidogo kidogo baada ya hapo. Sista alikwenda Keumbu mwenyewe, kwa gari, na mzee wa mashine ya kusaga, ambaye hakuwahi kujua kufunga mdomo, alimweleza yote kwa furaha. Mkuu wa stoo akaondolewa. Alirudi kwao kulima, na mkewe akaendelea kufundisha, na sijasikia kwamba waliishi vibaya. Tukikutana matangani tunasalimiana. Hatujawahi kukaa benchi moja.

Sista alinitumia dereva na ujumbe kwamba kazi yangu ipo kama nataka. Sikujibu. Akatuma tena. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe, nimevaa suti yangu ya kanisani, nikasimama mlangoni mwa ofisi ile ile, nikakataa kukaa.

"Nilikosea," akasema.

"Ndiyo, Sista."

"Utarudi?"

"Hapana, Sista."

Alingoja, nadhani alifikiri nitaongeza kitu, neno la kusamehe labda, kama watu wa dini wanavyotarajiana. Sikuongeza. Nilimtakia afya njema nikatoka, na niliposhuka kilima kile nilihisi miguu yangu mepesi kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Wapo wanaosema kisasi hakimfai mtu, kwamba ukikipata unakikuta kitupu. Hayo huhubiriwa kwetu kila robo ya mwaka. Mke wangu naye aliniuliza jambo hilo hilo, siku nilipotoka kwa Sista, tulipokuwa tumekaa nje tukimenya ndizi za kupika.

"Umekibeba kitu hicho miaka yote," akasema. "Nimelala nacho kitanda kimoja. Sasa niambie ukweli. Kimekushibisha?"

Nilifikiri vizuri kwanza, kwa sababu ni mwanamke asiyependa jibu la haraka.

"Kimenishibisha," nikasema.

Akatikisa kichwa, akanisogezea ndizi zilizobaki nimenye mimi.